Mjomba, nirudishie kopo langu!

Leo mambo ya mitoko na wachumba tunayaweka kiporo. Nataka niwape kisa cha kopo la pipi.

Mjomba wangu alikuwa fundi mitambo wa redio. Alipostaafu aliondoka na hedifoni zake mwenyewe, AKG K240, zile za zamani za omu 600. Anazitunza kuliko viatu vya harusi. Siku moja akanipigia: “Wewe mpwa, njoo hapa. Namweka Marijani kwenye simu, nasikia mbu.” Nikaenda, nikazivaa. Kweli bwana, mbu.

Kosa si la mjomba wala la Marijani Rajab. Simu hutengenezwa kusukuma hedifoni nyepesi, za omu 16 au 32. Hizi za omu 600 zinataka volti za kutosha, na simu hazina. Amplifaya niliyoonyeshwa dukani bei yake ilikuwa kodi ya chumba ya miezi miwili. Nikamshukuru muuzaji, nikasepa.

Hapo nikamkumbuka Chu Moy. Huyu ndiye jamaa wa Marekani aliyetoa, mwishoni mwa miaka ya 1990, mchoro wa amplifaya ndogo ya betri moja ya volti 9. Watu wakawa wanaitia kwenye kopo la bati la peremende za Altoids, na hadi leo kopo hilo ndilo kama sare yake. Mimi nilichukua la mama, alilokuwa akiwekea sindano na vifungo. Ugomvi uliofuata ni safu nyingine.

Ndani hakuna miujiza. Resista mbili zinagawa zile volti 9 katikati, 4.5 juu na 4.5 chini, na pale katikati ndipo ethi ya muziki. Kisha aisii moja inakuza sauti mara 11. Wengi hupenda OPA2134. Kariakoo niliikosa, nikachukua TL072, miguu 8 na mpangilio uleule. Kwa hedifoni za omu 32 ingehema, lakini kwa za mjomba inatosha kabisa.

Kopo ndilo lililonitoa jasho. Bati jembamba ukilivamia na drili linachanika. Weka kipande cha mbao nyuma, anza na tundu dogo, lipanue taratibu, kisha makali uyapige tupa. Mimi tupa niliikumbuka baada ya damu. Kwa nini nisitumie plastiki? Mnaukumbuka ule mkoromo unaoingia redioni sekunde chache kabla simu haijaita? Bati likiunganishwa na ethi linauzuia usiingie kwenye muziki.

Nikafunga kila kitu, nikawasha. Mkwaruzo, halafu kimya. Nikafungua: inaimba! Nikafunga: kimya. Nusu saa nafungua na kufunga kama mwehu. Kumbe ncha moja ya risasi, upande wa hasi ya betri, ilikuwa inagusa kopo, na kopo lenyewe limeshikana na ile ethi ya katikati kupitia tundu la hedifoni. Nusu ya betri imekwenda na maji. Bahati nilikuwa najaribu na hedifoni za bei chee, maana umeme wa betri ukipita moja kwa moja unaweza kuunguza koili. Nikakata boksi la dawa ya meno, nikalitandika chini, kwisha kazi. Nikapima na mita kwenye tundu la kutokea: milivolti chache tu. Poa.

Jumapili nikampelekea. Sikio lake la kushoto limechoka, nikajua atataka kukoleza, na kikopo hiki kina nguvu kweli. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Nikaweka alama ya rangi ya kucha pale kwenye kitufe: mjomba, ukivuka hapa tunakosana.

Akavaa. Nikaanzia sifuri, nikapandisha taratibu. Nyimbo tatu hakusema neno. Kisha akainua upande mmoja wa hedifoni, akaniangalia.

“Huyu wa gitaa la pili,” akasema, “nilidhani nimeshamsahau.”

Akaomba akae nalo siku mbili, alichunguze kifundi. Leo ni wiki ya tatu, na mama anauliza sindano zake atazitia wapi.