Waliotengeneza michezo kwa kupenda tu: zamani zao zimekwisha kweli, na Kalemie ina nini ya kuchukua?

Kila likizo kubwa, kwenye mitaa ya Kalemie unaona watoto wanasukuma gari za waya. Mwili wa gari ni kopo la sardini, magurudumu yamekatwa kwenye babushi ya zamani, usukani ni waya mrefu unaofika mpaka kifuani. Hakuna aliyewapa somo. Mmoja aliona kwa mwenzake, akaiga, akaongeza trela, na kesho yake mwingine akaiga kwake. Hakuna anayeuza, hakuna anayenunua.

Kuko watu wazima, katika inchi nyingi, wanaosikitikia leo kitu kinachofanana na hicho. Kwao si gari za waya, ni michezo ya kompyuta. Wanakumbuka miaka ambapo kijana alikuwa anakesha mbele ya mashine ya zamani, anatengeneza mchezo wake mwenyewe, kisha anautoa bure kwa wenzake ili wamwambie pale palipoharibika. Wanasema zamani hizo zimekwisha. Je, ni kweli? Na mkaaji wa Kalemie, ambaye leo ana umeme na kesho hana, habari hiyo inamhusu nini?

Kijana mmoja, mashine moja

Katika Afrika, zamani hizo zina majina. Kule Nairobi, Mkenya Wesley Kirinya alitoa mwaka 2007 mchezo unaoitwa The Adventures of Nyangi: msichana wa Kiafrika anayezunguka kutafuta vitu vya kale vya bara lake. Hakukuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Kule Ghana, Eyram Tawia alikuwa ametengeneza mchezo wake akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kumasi. Wawili hao walikutana, na mwaka 2009 wakaanzisha Leti Arts.

Kule Yaoundé, Kameruni, Olivier Madiba alianza vilevile akiwa mwanafunzi, miaka ya mwanzo ya 2000. Alitumia RPG Maker, programu iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya watu wasio mafundi: unapanga ramani, unaweka watu, unaandika maneno wanayosema, na mchezo unatembea. Wapenzi wa RPG Maker walikuwa maelfu, pamoja na wale wanaosema Kifaransa, na wengi wao hawakutafuta hata franga moja. Walipeana picha, miziki na ushauri.

Mwezi wa tatu 2010, Nairobi ikapata iHub, mahali ambapo vijana wa kompyuta walikuwa wanakutana, wanakaa, wanaonyeshana kazi. Mwaka 2011 ukatoka Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu kwenye barabara za Nairobi, uliotengenezwa kwa simu za Nokia. Hazikuwa simu za bei kali, zilikuwa zile ambazo watu wa kawaida walikuwa nazo mfukoni. Kule Uganda, Kola Studios ikachukua mchezo wa karata ambao Waganda wanauita Matatu, ikauweka ndani ya simu. Hata mchezo wa mashimo na mbegu, ambao Wakongomani wanaujua kwa jina la kisolo, ulipata zamu yake: mwaka 2018, Teddy Kossoko, mzaliwa wa Afrika ya Kati anayefanya kazi Ufaransa, alitoa Kissoro Tribal Game.

Nini ilivunja zamani hizo?

Sababu ya kwanza ni kwamba vyombo vya kazi havikuwa mali ya waliovitumia. Kwa zaidi ya miaka kumi, vijana wa dunia nzima walitengeneza michezo midogo kwa programu ya Flash. Ilikuwa nyepesi: unafungua ukurasa kwenye saibere, unacheza palepale. Lakini mwaka 2007 simu ya iPhone ilitoka bila kukubali Flash, na mwaka 2010 mkubwa wa Apple, Steve Jobs, aliandika waziwazi kwamba haitaki. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2020, kampuni ya Adobe, mwenye Flash, ilisimamisha kuitunza, na siku chache kisha ikaizuia kabisa. Kazi ya maelfu ya watu ilikuwa karibu kupotea. Kilichoiokoa ni wapenzi wengine: tangu 2018, kikundi cha watu wa kujitolea kinachoitwa Flashpoint kimekusanya na kutunza zaidi ya michezo 100 000.

Jambo hilo lilirudi mwaka 2023. Kampuni ya Unity, ambayo programu yake inatumiwa na watengenezaji wengi sana, ilitangaza kwamba itadai malipo kila mara mchezo unapowekwa kwenye mashine mpya. Watengenezaji wakapiga kelele. Mwaka 2024 kampuni ikaacha mpango huo, lakini watu walikuwa wameelewa: anayelima kwenye shamba la mwingine anaweza kuamka asubuhi na kukuta masharti yamebadilika.

Sababu ya pili ni mlango. Zamani, kutoa mchezo ilikuwa kuuchoma kwenye CD ao kuutia kwenye USB, basi. Leo watu wanachukua michezo kwenye maduka ya ndani ya simu. Mtengenezaji anayetaka kuingia kwenye duka la Google analipa dola 25 mara moja. Kwa duka la Apple analipa dola 99 kila mwaka. Kisha inaomba kadi ya benki, kitu ambacho vijana wengi wa Kongo hawana. Na akiisha kuingia, mchezo wake unakaa katikati ya mamilioni ya mingine.

Sababu ya tatu ni feza yenyewe. Waliokuwa wapenzi wamekuwa mabwana kazi. Madiba alifungua Kiro'o Games mwaka 2013, na mwezi wa nne 2016 mchezo wake Aurion ukatoka kwa kuuzwa. Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHUB ya Nigeria. Mwaka 2022, studio kumi za Afrika ziliungana kuunda kundi moja la biashara, Leti Arts na Kiro'o zikiwa ndani. Haya ni maendeleo: mtu anakula kwa kazi ya mikono yake, analipa wafanyakazi. Lakini palipo mishahara na wakopeshaji, ni vigumu kumpa mtu kazi yako bure ili aifungue na kuona ndani namna inavyotembea.

Utamu unaosahau uchungu

Hata hivyo, kilio cha zamani inafaa kukisikiliza kwa sikio la pili. Wanaosema kila mtu alikuwa anatengeneza, wanasema juu ya watu wachache. Ilikuwa lazima uwe Nairobi, Kumasi ao Yaoundé, uwe na mashine, uwe na mahali pa kuichomeka. Miaka ileile ambapo vijana wa Ulaya walikuwa wanapeana michezo usiku kucha, mashariki ya Kongo ilikuwa vitani.

Tena kuko uhusiano ambao hausemwi mara nyingi. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka, bei ya tantali, madini yanayotoka kwenye koltani, ilipanda juu sana duniani, juu ya mahitaji makubwa ya simu na mashine. Mwaka uliofuata ilianguka. Koltani ya mashariki, wakati huo mikononi mwa waasi, ilikuwa sehemu ya biashara hiyo. Leo Manono, ndani ya jimbo lilelile la Tanganyika, inajulikana dunia nzima kwa litiamu ya betri. Mawe yanatoka hapa. Mashine zinarudi hapa kama mitumba, na kijana wa hapa anakutana nazo kama mchezaji anayelipa kwa dakika.

Mtoto wa kambi

Kwa Kalemie, mfano wa karibu haupatikani Nairobi wala Yaoundé. Ni mfano wa Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita vya Sudani ya Kusini, yeye akazaliwa njiani, akakomea kambini kaskazini ya Uganda. Siku moja aliona kompyuta pale wakimbizi wanapoandikishwa, akamwambia mama yake kwamba anataka kitu kile. Mama hakumjibu kitu. Alianza kuweka akiba kimyakimya, na kisha miaka mitatu akamletea mashine iliyogharimu dola 300.

Mahali pa kuchaji palikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Alikuwa anakwenda. Masomo yalimfikia kwenye kifunguo cha USB kutoka Kampala. Akatengeneza mchezo akauita Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta chakula, maji na dawa huku akiacha vita nyuma. Mwaka 2018, kwenye tuzo kubwa za michezo kule Marekani, alipewa heshima mbele ya watu wa dunia nzima.

Kalemie inajua maisha hayo. Tangu mapigano ya Wabatwa na Waluba yalipopamba moto miaka ya 2016 na 2017, maelfu ya familia yalifika kujificha pembeni ya mji. Ndani ya familia hizo kuko watoto wa umri ambao Mayen alikuwa nao alipoona ile kompyuta.

Basi Kalemie inakosa nini?

Jibu la haraka ni intaneti. Ni kweli, mega ni ghali, na serikali zenyewe zimeongeza mzigo. Mwisho wa mwaka 2018, juu ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa karibu wiki tatu. Kuanzia 2020 mpaka mwanzo wa 2022, kodi ya RAM ilikuwa inakata unite kwenye simu za watu, mpaka kelele za wananchi zikaiondoa.

Lakini historia ya wale wapenzi inaonyesha kwamba intaneti haikuwa kitu cha kwanza. Kitu cha kwanza kilikuwa umeme wa saa chache. Mji huu unategemea kituo cha Bendera, kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, na kila mkaaji anajua namna kinavyochoka. Ndiyo maana wengi wanajisaidia na sahani za jua. Cha pili kilikuwa programu inayofanya kazi bila mtandao. Hiyo iko, tena bure: Scratch, ya watoto na wenye kuanza, ina lugha ya Kiswahili ndani yake na inatembea bila intaneti, Godot, ya wale waliokwisha kukomaa, haina mwenye kuifunga kesho, na inaingia kwenye USB ndogo. Mtu mmoja akiichukua mara moja mahali palipo mtandao mzuri, mji mzima unaweza kuigawana.

Cha tatu ndicho kigumu: mahali pa kukaa pamoja na mtu wa kuonyesha. Nyumba za mchezo, pale vijana walikuwa wanashindana mpira kwenye maneti, zilikuwa angalau mahali pa kukutania. Leo wengi wamehamia kwenye kubashiri mechi, kila mtu na karatasi yake, akingoja bahati. Hapo hakuna ujuzi unaopita kwa jirani, na feza ya mchele inabaki kwa mwenye meza.

Kuko shule zilizopata kompyuta na kuzifungia ndani ya chumba kwa kuogopa zisiharibike. Kuko parokia, makanisa na vituo vya vijana vyenye jenereta inayolala siku nzima. Wakubwa wa elimu wa jimbo, na mashirika yanayofanya kazi na watoto waliohama makwao, wanaweza kuulizwa swali dogo: mashine mbili, saa mbili, siku ya posho, mlango wazi kwa kila mtoto, msichana na mvulana. Gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hoteli.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama yake Mayen hakujua kompyuta ni ya kufanya nini, ila hakusema kwamba ni mchezo wa bure. Mtoto anayefungua simu iliyokufa ili aone ndani, ao anayemaliza waya wa nyumba kwa kutengeneza gari lenye taa, mara nyingi anapigwa. Kabla ya kumpiga, mzazi angemuuliza kwanza: umeitengeneza namna gani?