Chipukizi Wasihodhiwe

Tangu mwaka 1980, Daniel Okrent na rafiki zake, wengi wao wahariri na waandishi, walipokutana katika mkahawa wa New York uitwao La Rotisserie Française wakaasisi ligi ya besiboli isiyo na uwanja wala jezi, ambamo kila mmoja huwamiliki wachezaji wa kweli kwa karatasi tu na kuhesabiwa alama kwa matendo yao, mchezo huo umeenea Marekani nzima. Na vijana wetu wanaopanga timu za Ligi Kuu ya Uingereza katika simu zao kila wiki wanaijua ladha yake.

Walakini katika besiboli mna jambo ambalo mpenzi wa kandanda hana budi kuelezwa. Kijana aliyeteuliwa na timu, hata awe hodari namna gani, aghalabu hapelekwi moja kwa moja ligi kuu, bali hutumwa kwanza katika ligi ndogo, akapanda daraja baada ya daraja kwa miaka kadhaa. Na katika zile ligi za kuigiza ambazo timu hudumu mwaka hata mwaka, mwenye timu huruhusiwa kumshika kijana huyo angali huko, ilhali hamletei hata alama moja. Hapo ndipo tamaa hujipenyeza. Nimewaona mameneja wenye maarifa mengi, waliohifadhi majina ya chipukizi kadiri kanuni zinavyowaruhusu, wakikataa kumtoa hata mmoja kwa mchezaji aliyekomaa ambaye angewapa ubingwa msimu uleule.

Nasema kwa yakini kwamba huko si kuwa na subira, ni kuhodhi. Thamani ya chipukizi huwa juu kabisa kabla hajajaribiwa, kwa kuwa mpaka saa hiyo kila mnunuzi humwona kwa jicho la matumaini yake mwenyewe, na hatari ya kuyapoteza hukua zaidi kwa mrushaji wa mpira, ambaye riziki yake yote imetundikwa begani na kiwikoni. Brien Taylor wa North Carolina aliteuliwa wa kwanza katika nchi nzima mwaka 1991, New York Yankees wakampa dola milioni 1.55, na kila mjuzi akamtabiria makubwa; Desemba 1993 akaumia bega katika ugomvi, wala hakuwahi kurusha mpira hata mmoja katika ligi kuu. Aliyekuwa na haki ya jina lake katika ligi ya kuigiza angeweza kununua kwalo karibu chochote mwaka 1992, na miaka miwili baadaye lisingemnunulia kitu.

Tena wajuzi hao hao humpita kijana asiyetajwa. Albert Pujols aliachwa mwaka 1999 hata raundi ya 13 ya uteuzi, akawa mteule wa 402, naye alistaafu akiwa na mapigo 703 yaliyomzungusha vituo vyote kwa mkupuo mmoja. Mwenye kumtoa chipukizi wake, basi, hajafunga mlango wa baraka, maadamu ana bidii ya kuwatafuta wasiotazamwa.

Wapinzani wangu hunitajia daima timu ya Detroit. Agosti 1987 timu hiyo ilimtoa kijana wa miaka 20, John Smoltz, kwa Atlanta, ikampokea Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36. Na Smoltz akaja kuingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2015. Ni kweli, na hasara hiyo ilikuwa kubwa. Lakini insafu yataka tuseme pia kwamba Alexander alishinda mechi 9 bila kushindwa hata moja, na Detroit ikatwaa ubingwa wa kanda yake siku ya mwisho ya msimu, ubingwa ambao bila yeye isingeuona. Kwa meneja aliye karibu na taji, mimi ningeifanya biashara ile tena.

Kwa hiyo naziomba ligi zetu za kuigiza ziweke kikomo: chipukizi watano kwa kila timu, na yeyote asiyepanda ligi kuu katika miaka mitatu arudishwe mnadani, amnunue meneja mwingine ambaye bado anamwamini.