Daftari la wakulima lisiishie kwenye mbolea

ITAKUMBUKWA kwamba Agosti 8, 2022, katika kilele cha Sikukuu ya Nane Nane mkoani Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea, iliyokuwa imepanda hadi kupita Sh120,000, ilishushwa hadi Sh70,000.

Mpango huo ulikuja na jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana. Ili apate mbolea hiyo, mkulima alitakiwa kwanza kujiandikisha kijijini kwake, ataje ukubwa wa shamba na mazao anayolima, kisha apewe namba kwa ujumbe wa simu. Wakala naye alitakiwa kuingiza namba hiyo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA) kabla ya kuuza.

Tunapongeza hatua hiyo. Wanaokumbuka vocha za karatasi zilizoanza mwaka 2008 wanajua jinsi baadhi zilivyoishia mikononi mwa wasiolima. Leo nchi ina daftari la mamilioni ya wakulima, na mpangaji anaweza kujua wilaya gani inahitaji mbolea kiasi gani kabla mvua hazijaanza.

Hata hivyo, daftari ni kama ghala. Ukiingiza pumba, hutatoa mchele. Mwenye ekari mbili akiandikwa ana tano, mbolea itapelekwa isikohitajika, na kwingine itakosekana wakati wa kukuzia.

Lipo pia suala la akina mama. Vijijini, simu ya nyumba mara nyingi ni ya baba, na shamba hutajwa kwa jina la baba hata kama anayeshika jembe ni mama. Baba akisafiri, namba nayo imesafiri, na mvua haisubiri mtu.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, majina na ekari zihakikiwe kila mwaka katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa kuwa majirani ndio wanaojua nani analima wapi. Mama anayelima aandikwe kwa jina lake.

Pili, taarifa hizo zilindwe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mkulima aliyetoa namba yake ya simu ili apate mbolea hakuitoa ili wafanyabiashara wa mikopo wamsumbue.

Tatu, na hili ndilo kubwa, taarifa zimrudie mkulima. Mwaka 2022 maofisa ugani walipewa pikipiki na vipima udongo. Majibu ya vipimo hivyo yakiunganishwa na daftari, mkulima anaweza kuambiwa kwa simu ile ile kama shamba lake linahitaji DAP au chokaa, lini mvua zinatarajiwa, na mahindi yanauzwaje sokoni. Kumwuzia mbolea ya bei nafuu isiyofaa udongo wake si kumsaidia.

Mkulima ameshafanya sehemu yake: amepanga foleni, ametaja shamba lake na kutoa namba yake. Sasa ni zamu ya wenye daftari kumwonyesha faida yake, na ionekane shambani.