Mnada si Darasa

Mtu wa Tarime au Serengeti hahitaji kuelezwa mnada ni nini. Ng'ombe husimamishwa uwanjani, muuzaji akasifia maziwa yake na kunyamazia mateke yake. Hatumlaumu, kwa kuwa amekuja kuuza, na mnunuzi mwenye busara huja na mzee anayewajua ng'ombe. Lakini katika umri wangu wote sijapata kumwona mfugaji anayempeleka kijana wake mnadani ili akasomee udaktari wa mifugo.

Jambo ambalo mfugaji wetu hawezi kulifanya kwa ajili ya ng'ombe, taasisi zetu zinalifanya kwa ajili ya binadamu. Zinawapeleka wataalamu wa fiziotherapia kwenye maonesho ya biashara ya vifaa tiba, kisha zinaandika kwenye majalada kwamba wamepata mafunzo.

Nalisema hili kwa sababu lilinigusa. Mama yangu mdogo alipatwa na kiharusi wakati wa kuvuna mahindi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Hospitali tuliyomfikisha ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa fiziotherapia, naye alikuwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kwenye maonesho. Tulimsubiri siku tisa. Kila anayejua maradhi haya anajua kwamba majuma na miezi ya mwanzo ndiyo wakati ambao mwili hurudisha uwezo kwa kasi zaidi. Siku tisa si kitu kidogo.

Aliporudi alimhudumia mama kwa moyo wote. Simlaumu hata kidogo. Siku moja nikamuuliza alichojifunza huko. Akafungua mtoto wa meza: vipeperushi, kalamu, mfuko wa kitambaa na cheti cha mahudhurio. Akaniambia, "Mwalimu, nilikwenda na maswali matatu, nimerudi na bei za mashine."

Nilimwomba anitajie maswali hayo. La kwanza: namna ya kumfundisha mgonjwa wa kiharusi kuinuka kutoka kwenye kigoda kifupi, kwa sababu nyumbani kwake hakuna kiti cha hospitali. La pili: namna ya kuzuia maumivu ya bega la mkono uliopooza, ambalo ndugu huliumiza bila kujua wanapomvuta mgonjwa ili asimame. La tatu: afanye nini na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mama yake, kwa sababu ya umbali na nauli, humleta mara moja tu kwa mwezi. Haya ndiyo mahitaji ya kujifunza. Mtaalamu huyu hakuyaokota vitabuni. Yalimjia kitandani pa mgonjwa, asubuhi baada ya asubuhi. Katika mabanda yote aliyoyapitia, hakukuwa na aliyemuuliza lolote juu yake.

Wala asingeweza kuulizwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtaala wa maonesho hupangwa na mwenye bidhaa, na hakuna bidhaa inayoitwa kuinuka kutoka kwenye kigoda. Maarifa yanayohitaji mikono, subira na maelezo mazuri kwa ndugu wa mgonjwa hayana banda, kwa sababu hayana faida ya kulipia banda.

Tutazame mifano miwili kutoka nje. Mwaka 2016 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliwashauri wataalamu wasitumie mashine za mawimbi ya sauti wala za kusisimua neva kwa umeme kutibu maumivu ya mgongo wa chini. Ikatanguliza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa ajihudumie. Maumivu ya mgongo ndiyo mzigo wa mama anayebeba maji na kuni, na wa kijana anayepasua mawe ya dhahabu Nyamongo. Sasa jiulize, muuzaji wa mashine hizo ataufungua mwongozo huo mbele ya mteja wake?

Mfano wa pili ni wa watoto wanaozaliwa na mguu kifundo. Daktari Ignacio Ponseti, akifanya kazi Iowa, Marekani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuunyoosha mguu wa mtoto kidogo kidogo kwa mikono, akiufunga plasta mpya kila juma kwa majuma machache. Mara nyingi hufuata mkato mdogo wa kano ya kisigino, na baadaye viatu maalumu vya kulalia kwa miaka kadhaa. Njia hiyo ilihitaji takribani nusu karne kukubalika duniani, na leo ndiyo inayotegemewa. Vifaa vyake ni plasta, maji na mikono iliyofundishwa. Sidai kwamba ilichelewa kwa sababu hiyo peke yake, ila nasema hivi: elimu isiyo na muuzaji huenda kwa miguu, na yenye muuzaji hupanda ndege. Kazi ya taasisi za umma ni kuipa nauli ile inayokwenda kwa miguu.

Najua nitakavyojibiwa. Wataniambia maonesho yana faida, nami nakubali. Anayenunua kiti cha magurudumu anapaswa kukikalia, kukisukuma, kuuliza kama kitastahimili njia za mawe za Mugumu na vipuri vyake vinapatikana wapi. Afisa ugavi anayenunua kwa kutazama picha huiletea halmashauri hasara. Basi apelekwe yeye, afuatane na mtaalamu, safari hiyo iitwe kwa jina lake, yaani manunuzi, na ilipiwe kutoka fungu la manunuzi.

Wataniambia pia kwamba mtaalamu anayefanya kazi peke yake wilayani huwapata wenzake huko. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na siipuuzi. Yule mtaalamu wetu alinieleza kwamba jambo la maana alilolipata lilitoka kwa mwenzake kutoka Mbeya, walipokuwa wakinywa chai nje ya ukumbi. Lakini hapo hoja inawageukia wenyewe. Aliyemfundisha ni mwenzake, si banda. Kama chai ndiyo iliyokuwa darasa, kwa nini tuifuate mbali hivyo, kwenye ukumbi uliopangwa kwa ajili ya kuuza?

Wakulima wetu wanaelewa tofauti hii. Wanaokwenda Nane Nane kule Nyakabindi, Simiyu, huyaona mazao kwenye vipando na kuvutiwa. Hata hivyo, hakuna halmashauri iliyothubutu kusema kwamba kwa kuwa kuna Nane Nane, mabwana shamba hawahitajiki vijijini. Tunajua kwamba kuona si kujifunza, na kwamba anayejifunza huhitaji mtu wa kurudi kutazama kama alichopanda kimeota.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, masurufu na posho za safari moja ya maonesho zitumike kumleta mkufunzi kutoka KCMC, Moshi, ambako wataalamu wetu wengi walisomea, akae juma zima Tarime au Mugumu, afundishe kando ya vitanda, kwa wagonjwa wetu na vigoda vyetu. Waje na wenzao wa Shirati na Musoma. Halmashauri tatu, yaani Tarime Mji, Tarime na Serengeti, zichangie gharama, na jambo hilo liandikwe kwenye mipango yao ya afya ya mwaka.

Pili, cheti cha mahudhurio kisihesabiwe kuwa alama ya mafunzo endelevu ya kitaaluma. Alama itolewe pale tu palipo na somo, swali na jaribio, na mkufunzi aseme hadharani ni nani anayemlipa.

Tatu, kabla mtaalamu hajasafiri kwenda popote kwa jina la mafunzo, aandike maswali yake matatu. Akirudi, aulizwe majibu. Mganga mkuu wa wilaya hahitaji kibali cha Dodoma ili kuuliza maswali matatu.

Wanafunzi wangu, ninyi mtakaoajiriwa kesho, na ninyi watumishi mnaoidhinisha safari hizi leo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnapopokea mwaliko wenye picha za kupendeza, ulizeni ni nani atakayebaki na wagonjwa, na ni swali gani la mgonjwa litakalorudi na jibu.

Mama yangu mdogo sasa anainuka kwenye kigoda. Hakufundishwa na mashine yoyote. Yule mtaalamu alijaribu na kukosea, akajaribu tena, mpaka akapata namna: miguu irudishwe nyuma, kifua kiinamie mbele, na binti asimame upande uliolegea bila kuuvuta mkono. Ilichukua miezi mitatu kugundua jambo ambalo mwalimu mzuri angelionesha katika asubuhi moja. Hiyo miezi mitatu ndiyo bei ya maonesho, na haikuandikwa kwenye kipeperushi chochote.