Kibegi Kidogo Mlimani Sio Ushamba, Shida Ni Kilichomo Ndani

Juzi kati staa mmoja wa kike wa Bongo (jina kapuni) alitupia picha akiwa njiani kwenda Mandara, Mlima Kilimanjaro. Miwani kali, kofia kali, na mgongoni kakibegi kadogo kama ka mtoto wa chekechea. Mitandaoni ikawa balaa. Wengine wakasema ni kiki tu, hakuna anayepanda mlima siku sita na kibegi kile. Wengine wakamwita mvivu, eti mizigo yote kawaachia wapagazi.

Kwenye hilo la kibegi, wadau mmemwonea. Mlimani kibegi kidogo ndo begi sahihi. Njia ya Marangu inaanzia chini ya mita 1,900, inapita Mandara, Horombo na Kibo, mpaka Uhuru kwenye mita 5,895. Pale kileleni kila pumzi inaleta karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Kariakoo. Kila kilo ya ziada mgongoni unailipia kwa pumzi. Ndo maana begi la kulalia na nguo za safari nzima zinaenda na mpagazi, mpandaji anabaki na vitu vya siku hiyo. Begi la lita 20 mpaka 30 linatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye ukweli mchungu. Kwa mujibu wa mtu aliyekuwa kwenye safari hiyo, ndani ya kibegi kulikuwa na poda, pawabenki mbili, taa ya kupigia picha na raba nyeupe za kubadilisha. Koti la mvua lilikuwa kwenye begi kubwa. Mvua ilipowakuta msituni, mpagazi mwenye begi alikuwa ameshatangulia kitambo. Gaidi akavua koti lake akampa bidada, yeye akatembea analowa mpaka kambini. Picha ya gaidi aliyelowa haikutupiwa popote.

Wengi hawalijui hili: wapagazi hawatembei na wewe. Wanakupita mapema ili ukifika ukute kambi iko tayari. Begi kubwa ukiliaga asubuhi, mtaonana jioni. Katikati hapo kunaweza kukawa na jua, mvua na baridi kali ndani ya siku moja. Kitakachokuokoa ni ulichobeba mwenyewe: maji lita 2 mpaka 3, koti la mvua, sweta zito, glovu, kofia, kitu cha kutafuna na dawa zako. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, mkanda wa kiunoni ufungwe, mabega yapumue. Usiku wa kupanda kileleni ongeza tochi ya kichwani, na simu ikae ndani ya koti maana baridi inaua chaji fasta. Pawabenki sio dhambi, ila ije baada ya koti.

Kwani hili linatuhusu nini sisi wa mjini? Linatuhusu sana. Tangu TTCL wapeleke intaneti Kilimanjaro mwaka 2022, mlima uko laivu kwenye simu zetu. Kijana wa Mbagala anaona ile picha, anachanga hela na washkaji, wanaenda Uluguru wikiendi na kibegi kama kile kile. Wao hawana mpagazi wala gaidi wa kuwavulia koti. Wakilowa huko juu na giza likaingia, hiyo sio kiki tena, hapo ni uhai wa mtu.

Kwa hiyo staa hana deni la kubeba begi kubwa. Ana deni la kusema ukweli. Fungua kibegi mbele ya kamera, watu waone kilichomo. Waonyeshe na wale wagumu waliobeba mizigo kichwani ili mgongo wako uwe mwepesi, wape bakshishi inayoeleweka, na yule gaidi apate hata asante ya hadharani. Picha itabaki kali vile vile.

Haya wadau, kati ya staa na mashabiki wanaoiga bila kuuliza, nani wa kulaumiwa? Na wewe ukipanda mlima kesho, kitu cha kwanza kuingia kwenye kibegi chako ni kipi? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.