Mimi Ndiye Nilisema Akate Ule Waya

Wasee, leo sina kesi na serikali wala na mtu wa matatu. Leo kesi ni yangu mwenyewe.

Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani, na kama Wakenya wengi wa huko, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mwaka juzi wakati wa joto alinunua pikapu kuukuu, Ford F-250 ya dizeli, ya mwaka 2001, kutoka kwa mzee aliyekuwa anahama. Siku moja akanipigia simu ya video akiwa amechuchumaa mbele ya gari. Akanionyesha plagi. Plagi kabisa, ya meno matatu kama ya pasi, inaning'inia kwenye grili.

"Buda, hii ni nini?"

Nikacheka hadi nikakohoa. Ile video nikaichukua, nikaandika juu yake "Ford ya kuchaji kama simu", nikaiposti. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichoposti mwezi huo. Na kabla tukate simu nikamwambia: toa hiyo takataka, itakuletea shoti. Akachukua koleo, akakata.

Nilisomea uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo inishinde. Sisemi hivyo kujigamba, nasema ili mjue aibu ni kubwa kiasi gani. Kwa familia yetu mimi ndiye naulizwa mambo ya gari, ati kwa sababu "alisoma injini".

Januari ikafika. Asubuhi moja baridi ilikuwa nyuzi 29 chini ya sufuri, na zamu yake inaanza saa kumi na mbili. Akawasha gari. Stata ikaguna mara mbili, ikanyamaza. Kufika kazini alichelewa saa tatu, na mwenzake wa usiku alilazimika kubaki na wale wazee kwa sababu huwezi kuwaacha peke yao. Alipewa barua ya onyo. Kwa mtu ambaye kila mwezi anatuma pesa nyumbani, hiyo si barua ya kuchezea.

Jirani yake ndiye aliyemweleza. Ile plagi ni ya hita ya bloku ya injini. Ndani ya injini kuna kipande cha chuma kinachopata moto kwa umeme, kimezama kwenye maji ya rejeta. Usiku unachomeka kwa soketi ya nyumba, maji yanapata joto, yale ya moto yanapanda na ya baridi yanashuka, pole pole bloku nzima inapashwa. Ni kama kile chuma cha kuchemshia maji ya kuoga tulichokuwa nacho hosteli, ila hiki kimefungwa ndani ya injini.

Na sababu yake ni ya maana. Kwenye baridi ya aina hiyo oili inakuwa nzito kama uji uliolala. Betri nayo, ukifika nyuzi 18 chini ya sufuri, imebaki na karibu nusu ya nguvu yake. Halafu dizeli haina cheche ya kuiwasha, inategemea hewa ibanwe hadi iwe moto. Chuma kikiwa barafu kinameza lile joto, na mafuta hayawaki. Jimbo la jirani, North Dakota, kuna mtu wa mji wa Grand Forks anayeitwa Andrew Freeman aliyepewa hataza ya hita ya injini mwaka 1949. Yaani hii kitu ni ya zamani kuliko babangu, na mimi nilikuwa naiita takataka.

Nimejiuliza kwa nini yule mzee aliyeuza gari hakusema kitu. Nadhani kwake ingekuwa kama mimi kukuambia usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kwetu kila mtu anajua. Lakini mgeni hajui, na kutojua kunaweza kumuua. Ukimuuzia mtu gari kuukuu, mwonyeshe hata vitu unavyoona ni vya kijinga.

Lakini mwenye makosa zaidi ni mimi, kwa sababu ugonjwa wangu naujua, ni wa hapa nyumbani. Ni magari mangapi Kenya yametolewa thamostati? Gari linapata moto kupita kiasi, unapeleka kwa fundi, anatoa thamostati anakuambia "hii ni ya baridi ya Japani, huku haina kazi." Unalipa na unashukuru. Kumbe thamostati inasaidia injini ifikie joto lake haraka na ikae hapo. Ukiitoa, asubuhi ya Limuru injini inakimbia ikiwa baridi, inakunywa mafuta zaidi, inalika polepole. Na mara nyingi shida yenyewe ilikuwa rejeta iliyoziba. Nawaheshimu mafundi wa jua kali, bila wao nusu ya nchi ingetembea kwa miguu. Ila lile neno "haina kazi" mara nyingi maana yake ni "sijui kazi yake", na mimi nilimwambia binamu yangu neno hilo hilo kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Sisemi waya mzee uachwe tu. Ukiwa umechunika, badilisha. Binamu alinunua waya mpya, jirani akapima hita kwa mita kabla ya kuchomeka. Hita ya wati 1000 kwa umeme wao wa volti 120 inafaa kusoma karibu ohm 14, na yake ilisoma hivyo. Ilikuwa nzima muda wote. Sasa anatumia ekstensheni nene ya nje yenye waya wa ardhi, na taima inayowasha saa tatu kabla ya safari. Saa tatu ni yuniti tatu za stima, na mtu aliyezoea tokeni za shilingi mia hawezi kuiacha iwake usiku kucha. Plagi anaitundika kwenye kioo cha upande wa dereva asije akaondoka akiburuta soketi ya nyumba.

Ile klipu sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea, na watu bado wanacheka, sasa wananicheka mimi. Thamostati ya Probox ya mjomba nayo bado tunaitafuta. Fundi anasema aliiweka kwenye mkebe fulani.