Lisansi ya kupokea wageni

Matangazo ya kazi yanayobandikwa karibu na sekretariati ya fakulte yetu yanafanana: sharti la kwanza ni lisansi. Lisansi ili kupokea wageni ofisini, lisansi ili kuhesabu magunia kwenye depo, lisansi ili kutafsiri maneno ya watu waliokimbia vita. Wakati huohuo, kazi ya kumfundisha mtoto kusoma na kuandika tunamwachia mwalimu mwenye D6, yaani aliyemaliza miaka sita ya sekondari upande wa pedagojia. Hakuna anayeona ajabu. Mimi naona ajabu kwamba anayefungua mlango wa ofisi anadaiwa masomo marefu kuliko yeye.

Sisemi chuo kikuu hakina faida. Mwaka 1960 nchi yetu ilipata uhuru ikiwa na watu wasiofika 30 waliomaliza chuo kikuu, na hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa daktari kamili. Upungufu huo ulikuwa siasa ya wakoloni, na tuliulipia. Lakini daktari ni daktari. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta Stanleyville, hakupita chuo kikuu, na kazi ya karani aliifanya bila kukidai.

Nije kwenye kazi inayotugusa sisi wa lugha: ukalimani. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi wapo akina mama wachuuzi wanaopita kutoka Kiswahili hadi Kinyarwanda bila kusita, wengine na Kifaransa juu yake. Kusema lugha tatu si kukalimani, najua: kuna kuandika vifupisho, kutunza siri, kutoongeza neno lako. Hayo yanafundishika kwa miezi michache. Na tuseme ukweli kati yetu: mtu anaweza kumaliza masomo ya lugha akijua fonolojia vizuri, asiwahi hata siku moja kukalimani mbele ya watu.

Basi sharti la lisansi liondolewe? Hapo ndipo ninaposita. Mwajiri anapopokea barua mia kwa nafasi moja, dipolome ni chekecheo rahisi. Tena, mtoto wa mchuuzi asiye na mjomba ofisini, dipolome ndiyo silaha yake pekee. Ukiiondoa bila kuweka kitu mahali pake, kiti kitakaliwa na mpwa wa mkuu, na safari hii hata aibu hatakuwa nayo. Wazazi wetu wanajua hivyo. Ndiyo sababu wanauza mbuzi, hata shamba, ili kulipa minervali. Wananunua haki ya mtoto kusikilizwa, na wanainunua ghali mno.

Kwa hiyo ninachodai ni jaribio la kazi yenyewe, likiwa wazi kwa kila mtu, alama zikitangazwa kwa majina. Anayetafuta mkalimani amsikilize akikalimani. Fakulte yetu ingeweza kuanza: kila mwaka siku moja ya mtihani wa ukalimani, bila kumwuliza mtahiniwa alisomea wapi, na hati ndogo kwa aliyefaulu. Walimu tunao, lugha tunazo. Mimi ningejiandikisha wa kwanza, hata nikijua kwamba mama wa mpakani anaweza kunipita kwa alama.